Mikono Juu Katika Stoo ya Blanketi

Nilistaafu juzi, na jambo la kwanza nililogundua baada ya kushinda nyumbani, mtaa wa Rhonda hapa Nakuru, siku nzima ni kwamba sina ngazi. Maisha yangu yote ya kazi nimepanda ngazi za watu wengine. Balbu ya sebuleni ilipoungua, mke wangu alinitazama, mimi nikatazama dari, kisha nikaenda kuazima meza kwa jirani. Meza nimekwisha kuirudisha na muda ninao, kwa hiyo nimeona niwaandikie nyinyi vijana wa karakana mambo machache ya kiwanda chetu cha blanketi. Habari za nani alipandishwa cheo na lini mtazipata kwenye faili za ofisini, kama panya wamezibakisha. Mimi nitaeleza kazi.

Siku yangu ya kwanza nilifika getini na cheti kipya, ovaroli mpya, na testa mpya ya kupimia stima iliyochomoza mfukoni kama kalamu ya daktari. Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Balwant, Singasinga mwembamba mwenye kilemba cha buluu, ambaye alishika stima miaka mingi bila kuchafua hata mkono wa shati. Alinitazama, akaichomoa ile testa, akaitia kwenye droo yake na kufunga.

"Barasa, leo wewe weka mikono nyuma," akasema. "Tembea. Angalia. Sikiza. Kushika bado."

Wiki nzima nilitembea kiwandani mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Wasichana wa mashine za kusuka walinicheka waziwazi. Kila jioni Mzee Balwant alinimiminia chai ya tangawizi na kuniuliza: mota ipi inanguruma kuliko jana? Swichi ipi ina joto? Chumba gani hakina mtu na taa inawaka? Hilo la mwisho nililijibu ovyo. Siku hizo sisi sote tuliona kiwanda chenye taa zinazowaka ni kiwanda chenye afya, na cha giza kimefilisika. Mzee hakubishana. Alikunywa chai yake, na wiki ilipoisha akanirudishia testa. Kufikia hapo ningeweza kuzunguka kiwanda kile nimefumba macho na kukuambia niko karibu na mashine gani.

Naruka miaka mingi hapa, maana ilikuwa miaka ya kubadilisha tyubu za taa na vifaa vyake. Tyubu inaungua, unapanda. Stata inakwisha, unapanda. Choki inaanza kuvuma kama nyuki, unapanda tena. Magoti yangu yanaikumbuka miaka hiyo kuliko mimi.

Mwaka 2007 Madam Kiran alichukua uongozi wa kiwanda kutoka kwa baba yake. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kukungoja ulijibu. Jumapili moja alipita kiwandani akitoka hekaluni na familia yake, akakuta mimi na Mzee Balwant tunakagua mota. Akasimama mbele ya stoo ya blanketi. Stoo ile haina dirisha hata moja, maana jua huua rangi za blanketi. Chini ya mlango palikuwa na mstari wa mwanga.

"Nani yuko ndani?" akauliza.

"Hakuna mtu, Madam," nikasema. "Ni Jumapili."

"Basi hizo taa zinamulikia nani?"

Nilianza kutafuta funguo za stoo. Mzee Balwant alianza kukuna ndevu zake, jambo alilofanya anapozuia kicheko. Madam alitungoja tujibu, kisha akacheka yeye. Jumatatu akaja na boksi dogo kutoka Nairobi. Ndani mlikuwa na vidude vyeupe, vya mviringo, kila kimoja kama kikombe kidogo cha chai kilichofunikwa, na usoni kina kioo chenye mikunjo kama jicho la nzi. Hizo ndizo sensa zetu za kwanza.

Nyinyi mmezikuta ukutani, hamshangai. Sisi tulikaa nazo mezani kama watu waliopewa mnyama wasiyejua anakula nini. Mzee Balwant aliifungua moja, akaisoma karatasi yake polepole, kisha akanieleza: jicho hili halimwoni mtu. Linaona joto linalosogea. Mtu akipita, joto la mwili wake linapita kutoka mkunjo mmoja wa kioo hadi mwingine, na swichi inajiwasha, taa inawaka. Mtu akitulia, kwa sensa ni kama ameondoka. Nyuma kuna kitufe cha kuzungusha cha kuamua taa isubiri muda gani kabla ya kuzima. Mambo yote ya sensa yamo humo, na shida zake zote zimetoka humo.

Tulianza na vyoo na korido, na vyoo vikatuharibia jina mara moja. Mhasibu wetu, mtu mzito na mwenye heshima zake, aliingia na gazeti. Nilikuwa karakana niliposikia sauti yake ikitoka mbali, imetulia kabisa:

"Fundi. Fundi Barasa. Niko gizani."

Nikakimbia hadi mlangoni. "Inua mkono, mzee."

"Nimeinua."

"Ule mwingine."

"Ule mwingine umeshika suruali."

Kitufe cha kusubiri tulikizungusha hadi mwisho mchana uleule. Ukifunga sensa chooni, wakumbuke watu wenye magazeti.

Kwenye chumba cha boila tuliona kinyume chake. Taa hazikuzima hata kidogo. Niling'oa sensa, nikaweka nyingine, nayo vilevile. Mzee Balwant alinikuta naihamisha waya kwa mara ya tatu. Akaniambia nishuke, nikae kwenye ndoo iliyopinduliwa, nisifanye kitu. Tulikaa pale wawili, hatusogei, taa zinawaka. Kisha vali ikapumua, wingu la mvuke likapita chini ya dari, nikaona. Joto linalosogea. Sensa ilikuwa inafanya kazi yake kwa bidii, ila iliuhesabu mvuke kama mfanyakazi. Tukaihamishia kando ya mlango, tukaigeuzia mgongo boila, ikatulia.

Chumba cha ukarabati ndicho kilichonishinda, nami nafurahi kilinishinda. Kiko ghorofani, na ndiko wanawake hukagua blanketi zikitoka mashinani na kuziba kila tundu kwa sindano. Mwenye chumba alikuwa Mama Achieng', mama mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyefanya kazi hiyo tangu blanketi zetu zilipokuwa za rangi moja. Nilifunga sensa asubuhi. Kabla ya saa ya chai nikaitwa.

Nilikuta wanawake wote wameinama kwenye blanketi, sindano mkononi, wametulia kama watu wanaosali. Taa zikazima. Mama Achieng', bila kuinua macho, akasema, "Haya," na wote wakainua mkono wa kushoto. Taa zikawaka. Wakaendelea kushona.

"Tumezoea," akaniambia. "Tunapungia huyu mtu wako wa ukutani kama mgonjwa anayeita nesi. Lakini Fundi, uzi ukiwa kwa jicho la sindano na taa iende, hiyo ni hasara. Hii kazi ni ya kutulia. Sasa mtu akitulia mnamzimia?"

Aliyekaa karibu naye, msichana mmoja aitwaye Wanjiru, ambaye hakuwa mwepesi wa kusema, alicheka mpaka akachomwa kidole. Nilikwenda kwa Madam Kiran nikamweleza. Akapanda mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha Wanjiru, akashona hadi taa ilipozima. Akainua mkono wa kushoto. Akashuka, akasema, "Toa." Kwa hiyo ukarabati ulibaki na swichi ya kawaida, na hadi leo sijabadilisha mawazo: taa inayomulikia mikono ya mtu isimshuku kama yupo.

Stoo ya blanketi ilikuwa tofauti, na sote tuliona hivyo. Watu huingia, huchukua robota la blanketi zilizofungwa pamoja, hutoka. Tukafunga sensa mbili kwenye njia kuu katikati ya marobota, tukaweka muda mfupi, na Madam akaamuru swichi ya ukutani iondolewe, ili mtu asije akaiwasha na kuisahau. Kila mmoja aliafiki. Mstari wa mwanga chini ya mlango ukapotea siku za Jumapili, na kabla mwaka haujaisha ilidhihirika kwamba kiwanda kinatumia stima kidogo kuliko zamani. Madam alinunua keki. Mzee Balwant aliikata kwa kisu cha kuchunia waya.

Kisha ukaja uchaguzi, na yaliyoufuata mnayajua au mmesimuliwa na wazazi wenu. Mwanzoni mwa 2008 Nakuru ilipochafuka kwa mapigano, watu walianza kuonekana getini na magodoro. Walikuwa wafanyakazi wetu na familia zao, kutoka Kaptembwo, Rhonda na kwingineko, wa makabila yote tuliyokuwa nayo kiwandani, na hao ni wengi. Madam Kiran aliamuru geti lifunguliwe na mashine zizimwe. Mimi na mke wangu tulikuwa miongoni mwa walioingia. Wanaume tulilala kwenye ukumbi wa mashine, wanawake na watoto stoo ya blanketi. Sijui mahali pengine mjini palipokuwa na blanketi zaidi.

Wanjiru naye aliingia, akiwa mjamzito na siku zake zimekaribia. Mumewe, Kamau, alikuwa mchoma nyama Kikopey, karibu na Gilgil, na barabara ya kutoka huko ilikuwa imefungwa. Simu yake haikupatikana. Wanjiru hakulalamika. Alikuwa akishona vitambaa vya mtoto kutoka mabaki ya ukarabati, na kila nilipopita aliniuliza jambo lilelile: "Fundi, barabara?" Nami nilijibu vilevile: "Bado, mama. Lakini kesho si leo."

Alasiri moja mke wangu alikuja ukumbini kwa miguu ya haraka akanivuta mkono. Uchungu wa Wanjiru ulikuwa umeanza, tena kwa kasi. Madam Kiran alikuwa kwenye simu akitafuta gari la hospitali, na huko aliambiwa hakuna dereva anayeweza kufika upande wetu kabla ya kesho. Kumpandisha ghorofani kwenye madirisha ya ukarabati haikuwezekana. Hata kusimama alishindwa. Nje uani palijaa watu. Mama Achieng' alikuwa ameshazalisha wajukuu wake mwenyewe kijijini. Akawatoa watoto stoo, akamlaza Wanjiru kwenye blanketi safi kati ya kuta mbili za marobota, mahali pa faragha, akafunga mlango.

Na taa zikazima.

Sensa zilikuwa zinaangalia njia kuu. Wanawake walikuwa wamepiga magoti nyuma ya marobota, na jicho haliwezi kuona kupitia blanketi. Wakamtuma mtu akae njiani apunge mkono, lakini kila aliyetumwa alivutwa na kilio cha Wanjiru akarudi nyuma ya marobota, na giza likarudi. Tochi walikuwa nayo, na mwanga wake wa manjano ulitosha kutafuta viatu tu.

"Fundi," sauti ya Mama Achieng' ikanijia kupitia mlango, "ingia. Tazama ukuta. Ukigeuka nitakutoa macho."

Nikaingia nikiutazama ukuta. Taa zikawaka.

"Unganisha hizi taa ziwake tu, bila kuzimazima."

"Naweza, mama. Lakini lazima nizime stima ya stoo yote kwanza, nipande ngazi, nifungue."

"Kwa muda gani?"

"Kama wa kuchemsha chai."

Wanjiru akapiga ukelele. Mama Achieng' akasema, "Hiyo chai hatuna. Simama hapo usogee. Usiache."

Basi nikasimama katikati ya njia, uso ukutani, nikaanza kupunga mikono. Sijawahi kufanya kazi ya stima ngumu kuliko ile. Mikono ilipochoka nilipunga mguu. Mguu ulipochoka niliyumba kiuno. Nyuma yangu nilisikia Mama Achieng' akiongea na Wanjiru kwa sauti ambayo sikujua anayo, laini, ya polepole, "Eeh, mwanangu, hivyo hivyo, pumua, niko hapa." Wanjiru alimwita mama. Nilizaliwa mbali na hapa, na wiki ile nilikuwa nimesikia maneno mengi mabaya yakisemwa juu ya kabila hili na lile. Nilipunga mikono kwa nguvu zaidi.

Mlango ukafunguka. Mzee Balwant aliingia kinyumenyume, akitazama alikotoka, na kilemba chake kimelegea. Alikuwa na umri wa kukaa nyumbani na kulishwa, lakini kila asubuhi ya siku zile alikuja na sufuria ya dengu kwa ajili ya watu.

"Barasa, wewe choka," akasema. "Mimi shika zamu."

Tukasimama wawili, migongo kwa wanawake, mikono juu, kama watu waliovamiwa na majambazi. Mzee alipunga mkono mmoja kwa utaratibu, kama anayesimamisha gari. Akaninong'oneza, "Hii sensa nafanya kazi mzuri sana." Nikashindwa kuzuia kicheko, na Mama Achieng' akatukemea wote wawili.

Kisha kelele zikakoma. Wanjiru alinyamaza, wanawake wakanyamaza. Sikusikia mtoto. Mzee Balwant aliacha kupunga. Mimi niliacha bila kujua nimeacha. Watu wote stooni walitulia, wanasikiliza, na sensa, zilizofunzwa kwamba mtu aliyetulia ameondoka, zikazima taa.

Giza likawa zito. Halafu humo gizani mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama aliyeamshwa kabla ya wakati.

Nasema kweli, hakuna aliyeambiwa. Kila mkono uliokuwa stooni ulikwenda juu kwa pamoja, mbele ya marobota na nyuma yake. Taa zikawaka, na vigelegele vikavuka mlango, vikavuka ua, wanaume ukumbini wakaanza kupiga mabomba ya mashine kwa nyundo. Madam Kiran aliingia na simu mkononi, akamsikia mtoto, akakaa chini juu ya robota akalia na kucheka pamoja.

Ni msichana. Vijana wa mashine walipendekeza aitwe Sensa, wakabishana sana kuhusu hilo, lakini Wanjiru aliwakata maneno: huyu anachukua jina la mama ya baba yake, yaani Wambui. Mzee Balwant alileta peremende za maziwa na sukari, zile wanazogawana kwao mtoto akizaliwa, akahakikisha kila mtu kiwandani amepata, hadi askari wa getini.

Asubuhi yake nilizima stima ya stoo, nikapanda ngazi, nikafunga swichi ya ukutani kando ya mlango. Ukiibonyeza juu, taa zinawaka hadi utakapozima mwenyewe. Ukiiacha chini, sensa zinafanya kazi. Sikuwa nimeomba ruhusa. Madam alikuja, akaibonyeza juu, akaibonyeza chini, akasema, "Weka na kwenye stoo zingine." Sensa ni kitu kizuri, vijana, imeokoa stima nyingi na magoti yangu. Lakini mwachieni mtu njia ya kuiambia mashine kwamba yupo. Wanjiru mwenyewe aliiacha swichi chini. Alisema mtoto analala vizuri taa zikijizimia.

Barabara ilifunguka siku chache baadaye. Nilikuwa getini nikirekebisha kengele nilipomwona mtu anakuja kwa miguu, viatu vimeliwa na vumbi, amebeba mfuko wa nailoni. Alikuwa Kamau. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia kutoka Gilgil, na kilichobaki alipakiwa kwenye lori la viazi. Alinisalimia kwa heshima. Akaninyooshea ule mfuko. Ulikuwa na nyama choma iliyopoa.

"Fundi, ni ya Wanjiru. Je, yuko?"

Mama Achieng' alikuwa amefika nyuma yangu. Akanifinya mkono nisiseme neno. "Angalia kwa stoo," akamwambia. "Fungua polepole."

Tulimfuata kwa mbali, mimi, yeye, Mzee Balwant, na nusu ya kiwanda. Wanjiru alikuwa amelala na mtoto kwenye njia kuu, wametulia, kwa hiyo ndani mlikuwa na giza. Kamau alisukuma mlango. Alisimama kizingitini na mfuko wake, akichungulia, haoni kitu. Nilimwona anafikiri tumemdanganya. Kisha akapiga hatua moja ndani, na taa zote zikawaka.